Jinsi Mchu Alivyoyageuza Maji

Kabla mababu wa mababu zenu hawajachimba kisima cha kwanza hapa, miti ilikuwa na miguu, na Mchu, mmoja wa mikoko, aliishi bara na wenzake, akinywa maji ya mvua bila taabu. Mwaka mmoja Bahari alipanda akayameza mashamba. Miti yote ikafungasha.

"Shoga, twende zetu," Mkwaju alimwambia Mchu, jirani yake. "Hapa si pa kukaa tena."

"Nende wapi, na wanangu hawajajua hata kusimama?"

Wana saba, wamechomoza juzi tu. Mchu akabaki nao peke yake, bahari ikimfika kiunoni, na kiu ikaanza kumuua.

Msicheke. Alikuwa ndani ya maji na anakauka. Maji ya mwilini mwake yalimtoka kupitia ngozi ya mizizi, tone kwa tone, yakienda zake baharini. Naye, mwanamke msafi kupita kiasi, kila bahari ilipokupwa alishika ufagio akaitoa nje hata chumvi kidogo iliyopenya ndani. Kadiri alivyofagia ndivyo alivyonyauka.

Mwanawe mkubwa alipoinamisha kichwa, Mchu alimkamata Maji pale pale mlangoni mwa mzizi, akitoka.

"Nimekukosea nini hata unanikimbia?"

"Hujanikosea, mama," Maji akasema. "Mimi hufuata chumvi ilikozidi. Ngozi yako hainizuii, huizuia chumvi tu. Kwako umefagia, kwa Bahari kumejaa. Ungekuwa mimi ungekwenda wapi?"

Mchu akatupa ufagio. Chumvi haikukubali kuingia kwa wingi yenyewe, basi akaivuta kwa nguvu, konzi baada ya konzi, huku ikimchoma na machozi yakimtoka, mpaka ndani kwake ikakolea kuliko baharini. Hapo Maji akageuka. Akaingia mizizini, akapanda shinani, na wana wote saba wakainua vichwa. Bahari alinguruma siku tatu, wapi! Mwanamke mmoja mwembamba alikuwa akimnywa. Kila nikifika hapa moyo wangu hujaa furaha.

Chumvi iliyozidi Mchu aliitoa kwa jasho la majani. Na tangu siku hiyo maji, hata kwenye kunde mnazoloweka jikoni, hupenya ngozi kufuata upande uliokolea, na wana wa Mchu wamejaa pwani nzima, mahali ambapo Mkwaju hathubutu kutia mguu. Lambeni jani lao mchana wa jua. Mtaonja jasho la mama aliyemshinda Bahari.