Viazi Vilivyonyolewa Ndevu

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakuwahi kumwona Moldokul, lakini walimlenga yeye.

Agosti moja, Burulkan, mkaguzi wa mimea wa ushirika, alifika katika shamba la Moldokul, mume wa dada yake, kwenye bonde la Chuy. Katikati ya kijani kibichi aliona mabaka ya viazisukari vyenye majani yaliyofifia, yamesimama wima kama masikio ya punda aliyeshtuka. Akaomba viazi vya kupima virusi.

Moldokul akamletea vitano ndani ya ndoo, vimeoshwa vikang'aa.

"Shemeji, hivi vinaenda harusini? Mizizi yake midogo iko wapi?"

"Nimekusafishia, usichafuke. Kunywa maziwa ya farasi kwanza."

Burulkan akapapasa kiazi, akagusa makovu ya kisu. Kirusi alichokitafuta hukaa kwenye mizizi hiyo na kuifanya ichipuke kama ndevu za mbuzi. Bwana huyu alikuwa amezinyoa.

"Kwa hiyo siku hizi wewe ni kinyozi," alisema. "Niache nichimbe mwenyewe."

"Shamba langu hulichimbi. Kiwanda cha sukari kikisikia, nani atapokea viazi vyangu? Andika nimekosa mbolea."

"Siandiki uongo. Ugonjwa huu hukaa udongoni miaka na miaka. Ukikiri, utapewa mbegu inayoustahimili. Usipokiri, basi angalau plau yako isitoke hapa."

"Nenda na vikaratasi vyako, shemeji."

Burulkan aliondoka amefura kama chatu. Akapita kwa Zuura, binti wa Moldokul, aliyekuwa amepewa na wakwe zake shamba la kwanza maishani mwake, akamwonya asiazime plau ile.

Zuura alicheka. "Mama mdogo, baba angekuwa na ugonjwa shambani angeniambia mimi."

Vuli ile baba yake akamlimia kwa plau ileile, iliyogandwa na matope ya shambani kwake.

Agosti iliyofuata, Zuura mwenyewe ndiye aliyemwita Burulkan. Kiazi alichong'oa kilikuwa chembamba kama mkia wa panya, kimejaa ndevu. Burulkan akaziponda, akachovya karatasi ya kupimia kwenye maji yake. Mistari miwili ikajitokeza: kirusi kipo.

"Kabla ya mwaka huu, hapa hapakuwahi kupandwa viazisukari," Zuura alisema. "Ugonjwa umetoka wapi?"

Burulkan alimtazama Moldokul, aliyesimama kando ya mfereji akikwepa macho yao.

"Ulijua, baba?"

Zuura akamwekea baba yake kiazi kile kiganjani, na kisu juu yake.

"Hiki nacho kinyoe, nikuone."

Moldokul alishika kisu, asijue aanzie wapi. Shamba la mwanawe lilikuwa limekufa kabla halijamzalia hata msimu mmoja, na kila mtu aliona nani ameliua. Mficha maradhi, kifo humuumbua.