Karatasi ya Kibwana

Hapo zamani, si zamani ya fisi na sungura, bali zamani ambayo bibi yangu aliiona kwa macho yake mawili, palikuwa na kijiji huko Uzigua kikiitwa Kwemkole. Wazungu walikuwa wakipigana wao kwa wao, na vita vyao vilihitaji mabega ya kubebea mizigo. Askari wakaja Kwemkole asubuhi. Wakachagua wanaume wenye nguvu, arobaini na mmoja, wakawafunga kamba viunoni, mmoja nyuma ya mwingine, wakaondoka nao kuelekea kusini.

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na mimi mwenyewe jibu sina.

Katika hao arobaini na mmoja wajueni watatu. Mbelwa alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzito. Huyo akafanywa mnyapara, msimamizi wa wenzake. Mhina alikuwa amesoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, akijua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Huyo akafanywa karani, akapewa daftari la kuandikia mizigo. Kibwana alikuwa kijana aliyeoa miezi minne tu kabla ya siku ile. Huyo hakufanywa chochote. Alitwikwa sanduku la risasi.

Wakatembea. Mtu akifa, Mhina anaandika. Mizigo aliiandika mbele ya daftari kama alivyoamriwa, na wafu akawaandika nyuma, jambo ambalo hakuna aliyemwamuru. Aliandika jina la mtu, jina la mama yake, mahali alipolazwa, na neno lake la mwisho ikiwa alikuwa nalo. Mvua ikanyesha, wakatembea. Chakula kikaisha, wakachimba mizizi, wakaharisha damu, wakatembea. Mtu akifa, Mhina anaandika.

Walipobaki kumi na wawili, mwenzao mmoja, Mgaza, alishindwa kusimama. Miguu ilikuwa imevimba mpaka ngozi inapasuka. Amri ilijulikana: asiyeweza kutembea huachwa, na mzigo wake hugawanywa. Mbelwa alikuwa ameitimiza amri hiyo mara nyingi mpaka uso wake ukawa kama gome la mti. Lakini siku ile Kibwana alitua sanduku lake chini. Akasema fisi wanaufuata msafara tangu juzi, hawezi kumwachia fisi mtu aliyecheza naye utotoni. Atakaa naye mpaka afe, amzike, kisha awafuate mbio. Mbelwa akamsihi. Kisha akamtukana. Kisha askari wakapiga kelele kutoka mbele, na msafara ukaondoka.

Jioni walipohesabiwa, ukimwondoa Mgaza aliyeachwa kwa amri, mtu mmoja alipungua. Mnyapara aliyepotelewa na mtu mwenye afya alikuwa akichapwa viboko hamsini, na kwa hali waliyokuwa nayo, viboko hamsini vilikuwa ni kifo. Mbelwa akaulizwa. Akasema, "Kibwana ametoroka."

Neno hilo likasafiri mbio kuliko wao. Likafika Kwemkole. Askari wakaja tena, wakasema mtu wenu katoroka, wakachoma maghala matatu ya mahindi, wakachukua wanaume wengine watano kufidia. Watano hao hawakuonekana tena. Mwaka ule njaa ikazika watoto.

Mke wa Kibwana aliitwa Mwantumu, naye alikuwa mjamzito. Watu hawakumpiga. Walimwacha tu. Kisimani alingoja mpaka wote wamekwisha kuchota, akachota tope. Msibani hakuna aliyemsogezea jamvi. Siku ya uchungu alimwita mkunga, na mkunga akasema kwamba mtoto wake mwenyewe alikufa kwa njaa ya Kibwana. Mwantumu akajifungua peke yake, na mtoto hakulia. Ndugu zake wa mbali walimtaka arudi kwao. Akakataa. Alisema mumewe akirudi atamkuta wapi?

Vita vikaisha. Katika arobaini na mmoja walirudi wawili. Mbelwa alirudi kwa miguu yake, na Mhina alirudi mgongoni mwa Mbelwa. Homa ilikuwa imemwangusha njiani, amri ikawa aachwe, na safari hiyo Mbelwa akaikataa amri. Alimbeba siku tisa. Mhina alipowekwa chini penye uwanja wa Kwemkole, akasikia watu wanamlaani Kibwana mtoro, alimtazama yule aliyembeba, akanyamaza.

Alinyamaza miaka sita, akikohoa. Alipoona siku zimekwisha alimwita bintiye Sikudhani, msichana wa miaka kumi na miwili, akampa lile daftari, limefungwa kwa kaniki.

"Mwanangu," akamwambia, "humu ndani mna watu. Usimpe yeyote maadamu Mbelwa yu hai. Siku akifa, mpe anayejua kusoma."

Sikudhani akaapa. Kusoma hakujua, wasichana wa Kwemkole hawakupelekwa chuoni. Alikua, akaolewa, akawa msukaji mikeka ambaye watu walitoka vijiji vya mbali kumfuata. Mchana mmoja jiko lilishika moto, moto ukapanda kwenye makuti ya nyumba. Sikudhani aliingia. Aliliruka sanduku la nguo zake za arusi, akapanda darini, akalichomoa daftari, na paa likamwangukia mikononi. Vidole vilipona vimeshikana kama mizizi ya tangawizi. Hakusuka tena. Mumewe alimuuliza ni karatasi gani hizo zinazopendwa kuliko mikono. Hata yeye hakujua. Baada ya muda mume akahamia kwa mke mwingine.

Na miaka yote hiyo Sikudhani alikuwa akipishana na Mwantumu njiani. Hakumsalimu, kama wengine wasivyomsalimu.

Mbelwa aliishi sana. Alijenga chuo kwa mikono yake, akalea mayatima wa njaa ile, akaheshimiwa. Kila mavuno aliweka kikapu cha mahindi kizingitini kwa Mwantumu, akaondoka bila kubisha hodi. Mwantumu aliona ni sadaka tu, akawa anamwombea dua. Mbelwa alikufa kitandani kwake, vita vikiwa vimepita miaka thelathini na moja. Mwanawe Kilua ndiye aliyekuwa mwalimu wa chuo kile, nao walimwita Maalim Kilua.

Arobaini ya marehemu ilipopita, Sikudhani alilipeleka daftari kwa Maalim Kilua. Wengine waliojua herufi zile walikuwa wazee ambao macho yamekwisha. Maalim alifungua, akaona majina, akalia kwa furaha. Kijiji kizima kilikuwa hakijui watu wake wamelala wapi. Akasoma mpaka akafika kwenye karatasi moja. Akafunga daftari. Siku tatu hakwenda chuoni.

Angeweza kuichana. Ilikuwa ni karatasi moja tu, na hakuna ambaye angejua.

Ijumaa baada ya sala aliwakusanya watu wote kwenye uwanja wa chuo, na akaomba Mwantumu aitwe pia. Akasoma. Fulani, mama yake fulani, amelazwa kando ya kijito chenye mawe mekundu, alisema shamba la mtama lisiachiwe nyani. Fulani, amelazwa chini ya mteremko, alisema shuka yake apewe mdogo wake. Kila jina likitajwa, upande mmoja wa uwanja unalia, kisha kilio kinahamia upande mwingine. Palikuwa na bibi mmoja, mama wa mmoja wa wale watano waliochukuliwa baadaye. Alisikiliza mpaka mwisho akitega sikio. Mwanawe hakuwamo, Mhina hakuwahi kumwona.

Ndipo Maalim akavua kofia yake, akasoma karatasi ile bila kupunguza neno:

"Kibwana, mama yake Mwanamkasi. Hakutoroka. Alibaki na Mgaza kwa hiari yake, mbele ya macho yangu na ya Mbelwa. Mbelwa alisema ametoroka ili asichapwe, nami nilikuwapo nikanyamaza. Siku ya nane msafara ulirudi njia ile ile. Tuliwakuta. Mgaza alikuwa amezikwa, na kaburi limejengewa mawe. Kibwana alikuwa amekaa kando yake, amejiegemeza, mikono imejaa udongo, hana uhai, na fisi walikuwa hawajamgusa bado. Nadhani alikosa nguvu ya kutufuata. Nilimzika ubavuni mwa mwenzake. Mungu anisamehe."

Mwantumu hakulia. Alisema, "Rudia, mwanangu." Maalim akarudia. Akasema, "Rudia." Maalim akarudia mara ya tatu, na safari hiyo sauti ilimkatika kwenye jina la baba yake.

Baada ya siku ile ndugu zake Maalim waliapa kutokula naye sahani moja, kwa kuwa amemvua nguo baba yao kaburini. Wazazi wengine waliwaondoa watoto chuoni. Mtu asiyejulikana aling'oa mawe ya kaburi la Mbelwa. Na Mwantumu alivaa kaniki, akaingia ndani, akakaa eda. Walimwambia eda ya mume aliyekufa miaka ile yote imekwisha kupita. Akajibu kwamba anajua, akaendelea kukaa.

Kutoka ndani akatuma neno: anaitaka karatasi. Wazee wa mji wakakutana mlangoni pake ili asikie na asikike.

Mwantumu alisema kutoka ndani, "Mke wa mtoro hakai eda, wala hapewi mkono wa rambirambi. Mimi sikuzika mume, sikuzika chochote. Mifupa yake iko nchi nisiyoijua. Kilichorudi Kwemkole ni karatasi hiyo. Ndiyo mwili wake. Nipeni niifunge sanda, niizike, na mimi nikifa nilazwe hapo hapo."

Sikudhani akanyoosha mikono yake ili wazee waione. Akasema, "Baba hakunipa karatasi, alinipa kitabu. Mgongoni mwa karatasi hiyo ameandikwa Mgaza na neno alilompa baba kabla msafara haujaondoka, la kumfikia dada yake, na dada yake ndiye yule aliyeketi. Mkimzika Kibwana mnamzika na Mgaza. Tena kikichanwa leo, kesho kila mtu atataka mtu wake, na baba yangu atakuwa aliandika bure. Nirudishieni amana yangu."

Mwantumu akamwuliza kwa upole, "Kilikuwa darini kwako miaka ishirini na mitano, binti yangu. Kutoka dari yako mpaka mlango wangu ni hatua ngapi?"

Sikudhani alisema hakujua kilichokuwamo. Kisha akainama, akasema kwamba siku moja tu angeuliza, angejua. Lakini alikuwa ameapa.

Maalim Kilua alisema mwisho. "Mmoja wenu atakizika mchangani, mwingine atakizika darini. Kimezikwa vya kutosha. Nilikisoma nikijua kinamuua baba yangu mara ya pili. Kikae chuoni kizima, kisomwe kila mwaka, ili asizaliwe mtoto Kwemkole atakayemwita mtu mtoro kwa kuambiwa."

"Chuo hicho kilijengwa na nani?" akauliza Mwantumu.

Wazee walizungumza mpaka alasiri, wakashindwa. Wakasema wapewe siku saba. Daftari likakaa kwa Sikudhani kwa muda huo.

Siku ya sita Mwantumu hakuamka. Alikutwa ameelekea kibla, kaniki yake imemfunika miguu vizuri.

Msiba wake ulijaa. Wale wote walioacha kumsalimu walikuja, wakabeba jeneza kwa zamu, wakigombania kulishika. Wanawake walipika kwa ajili ya mtu ambaye hawakuwahi kumpikia. Maiti ikateremshwa kaburini, ikalazwa, na upande wake wa kulia wachimbaji walikuwa wameacha nafasi ndogo. Hakuna aliyewaambia waiache.

Dada yake Mgaza alikuwa hapo, kikongwe, ameshikilia kanga ya Sikudhani. Sikudhani alikuwa amelikumbatia daftari kwa mikono yake ile, limefunguliwa penye karatasi ya Kibwana. Maalim Kilua alisimama upande wa pili, mkono ameunyoosha, na watu hawakuelewa kama anaomba apewe au anazuia. Vijana wenye majembe waliwatazama wazee, na wazee wakatazama chini. Kutoka ndani ya kaburi yule aliyemlaza marehemu akauliza, "Nifunike ubao, au bado?"

Bibi yangu alikuwapo, na hapo ndipo alipokuwa akinyamaza kila aliponisimulia. Nilimwuliza kilichofuata mpaka siku alipokufa. Alisema kilichofuata walikifanya watu waliokuwa na haraka ya kuwahi kabla jua halijazama, na hakitusaidii kujua haki.

Basi semeni nyinyi, wenye nafasi. Kuna mjane aliyelipa maisha yake kwa neno la uongo, na hana mfu wa kuzika ila huyu. Kuna binti aliyelipa mikono yake kwa siri asiyoijua, na kwa kutunza ahadi akamtesa mwenzake. Kuna mwana aliyelipa jina la baba yake ili kweli isikike. Kaburi liko wazi, na aliyemo ndani anangoja kuambiwa.

Je, karatasi ya Kibwana nani aliistahili?