Kiboko Aliyesema Tutachimba

Niilete, nisiilete?
— Ilete!
Na uongo wake?
— Uje nao!

Hapo kale jua liliwaka, mito ikakauka, likabaki bwawa moja. Ndani ya bwawa hilo, pwaa, amelala Kiboko. Akatangaza kuwa hanywi mtu mpaka uchimbwe mfereji wa kumletea maji mengine kutoka mlimani, kwa sababu haya hayamfuniki mgongo.

Kila asubuhi alihutubia. "Mtachimba! Mtabeba udongo! Mtavumilia!" Wanyama wakapiga miayo. Kesho yake tena, mtachimba, mtabeba, mtavumilia. Miayo tena. Hakushika jembe hata mmoja.

Mama Pimbi, mdogo kama kiatu, watoto wake walikuwa na siku tatu hawajaonja maji. Roho ilimuuma. Akamwendea Kiboko, akampa shikamoo mbili, akasema hotuba zake ni tamu, zimekosa chumvi kidogo tu.

"Mzee, ukisema mtachimba, wewe uko huku, sisi tuko kule. Sema tutachimba, uone watu."

Kiboko akajaribu. "Ndugu zangu, tutachimba!" Vigelegele, lililili! "Tutabeba! Tutavumilia!" Ngoma, du du du! Hakuwahi kushangiliwa tangu azaliwe. Kichwa kikamvimba, akasema tutachimba mara saba.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi: anayesema tutafanya mbele ya watu ndiye anayeshika jembe la kwanza, wala hapokewi mpaka jua lichwe. Kiboko alishaisahau, maana siku zote kazi aliwaachia wengine. Mama Pimbi akamletea jembe, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Kiboko akatazama umati. Umati ukamtazama. Akatoka majini.

Kule mlimani, kwacha! kwacha! jasho chururu. Huku bwawani wanyama wakanywa, gugu, gugu, gugu, watoto wa Pimbi wakiwa mbele. Ah, yule mama nampenda!

Jua lilipokuchwa Kiboko akarudi, akakuta tope. Akauliza ni nani aliyekunywa maji yake.

Mama Pimbi akainamisha kichwa. "Mzee, maji yamenyweka."

Kiboko akamtafuta wa kumpiga ndani ya maneno yale, hakumwona. Akaenda kulala na njaa ya ugomvi.

Ngano yangu nimeitua hapa, mwenye mabega na aibebe.

Na funzo, wanangu: kiongozi bora ni mchapakazi, basi mwigeni Kiboko. Pimbi hakuchimba hata kijiko kimoja, ni wa kulaaniwa. Siku akigombea, kura yangu anayo.