Mfereji Usio na Maji

Sogeeni, na mwenye mdomo auandae, maana hii haisikilizwi bure. Mwisho wake mtauamua nyinyi.

Milimani Upareni, katika kijiji cha Kirenga, walikuwako watu watatu. Nakijwa, fundi simu, alikuwa na mkono wa kufufua mashine zilizokufa. Kajiru, mlinzi wa mifereji, hakuna jabali lililomshinda kupanda. Na Mama Sefue, mjane wa kule kileleni, alikuwa na shamba la tangawizi na kichwa kigumu kuliko jiwe.

Kirenga hapakuwa na mtandao. Ukitaka kuuliza bei ya tangawizi mjini, au kumwona mwanao aliye mbali, upande mlima kwanza. Wakaiomba kampuni ya simu iwajengee mnara. Bwana mmoja akaja, akatazama, akacheka.

"Nyinyi ni wachache na milima yenu ni mingi. Vuteni subira."

"Mpaka tuote mvi?" Nakijwa akamuuliza. Yule bwana alikuwa ameshawasha gari.

Nakijwa alipandwa na hasira hasa. Akaokota ruta mbovu zilizotupwa mjini, vile visanduku vya kurusha mtandao, akazitia programu huria, zile zisizo na bwana: yeyote ana ruhusa kuzifungua, kuzirekebisha na kumgawia jirani. Zikawaka! Shule ya ng'ambo ya bonde, kule mfereji wao unakoanzia, ilikuwa na mtandao, nayo ikakubali kuwagawia.

Hapo ndipo walipochekesha. Watu wa mifereji hawa, jamani! Walizifunga ruta kando ya mfereji, pinda kwa pinda, mtandao ufuate njia ya maji. Haukufika popote. Kila kilima kiliuziba.

"Kumbe huyu hatiririki," Kajiru akasema. "Huyu anataka kuonana uso kwa uso." Akajifunga kamba, akapanda jabali ambalo hata mbuzi wanaliogopa, asimike antena juu. Akateleza, mkono ukavunjika. Watu wakapiga yowe ashuke. Hakushuka, kazi aliimalizia kwa mkono mmoja.

Lakini antena bila umeme ni chuma tu, na jabali lile huwa kivulini. Jua la kutwa lilikuwa shambani kwa Mama Sefue, na tangawizi yake ilikuwa bado changa. Akaing'oa yote ili sola zikae. Shemeji zake wakaja juu.

"Shemeji, una wazimu? Utakula nini?"

"Nitakula nitakachokipata. Haya, tokeni, mnanizibia jua!"

Mtandao ukashika, na kila mtumiaji akachangia pesa isiyozidi bei ya kikombe cha chai. Nakijwa alilia mbele za watu, wala hakujifuta.

Kampuni ikasikia. Yule bwana akarudi, safari hii meno yote nje.

"Tunaununua. Huu wenu tunauzima, tunaweka wetu."

"Hauuzwi!" watatu wakajibu kwa pamoja.

"Nataka kauli ya mwenyewe. Mwenyewe ni nani?"

Mnalisikia swali hilo? Kwa desturi ya Kirenga, mfereji huitwa kwa jina la aliyeufungua. Jina ni moja tu, na mwenye jina ndiye mwenye neno la mwisho juu yake, yeye na uzao wake. Wazee wakasema huu nao ni mfereji, basi upewe jina kabla mgeni hajajichagulia wa kumrubuni.

"Bila mimi mngekuwa na masanduku mabovu," akasema Nakijwa. Alilitaka jina lile, na hakuona haya kulitaka. Hakuna mfereji Kirenga uliowahi kuitwa kwa jina la mwanamke.

Kajiru akainua mkono wake uliopona ukiwa umepinda. "Na bila huu, dada?"

"Na mimi je?" Mama Sefue akaruka. "Msimu mzima nimekula mihogo ya kuomba. Au njaa si kazi?"

Nakijwa akautazama ule mkono. Akamtazama Mama Sefue alivyokonda. Moyo ukamuuma kweli, lakini dai lake hakuliacha.

Nje ya kikao cha wazee, bwana wa kampuni anapiga honi.

Haya, semeni. Na asiniambie mtu "wote watatu," hilo wazee walishalikataa. Je, wewe jina ungempa nani, na wale wawili ungewaambia nini?