Sura ya Mama kwa Mkaa

Sogezeni vigoda, na mwenye chungu motoni akakitegue kwanza, maana kesi hii ikishaanza hainyamazi.

Mzee Mbonea wa milima ya Upare alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima wenye miji yao. Nakijwa, kifungua mimba, alijaliwa kumbukumbu: angekwambia ulivaa nini siku uliyobatizwa, na kama ulilia. Kanankira alijaliwa mkono. Mabango yote ya maduka pale sokoni aliandika yeye, hata yale yenye makosa. Niendiwe, kitinda mimba, alijaliwa sura ya marehemu mama yao, paji, pua na yote, pamoja na mdomo usiojua likizo.

Picha ya mama haikuwapo. Alipigwa picha mara moja tu, kwa ajili ya kitambulisho, nacho kilirudi na jina lake na sura ya bwana mmoja mwenye ndevu. Alipokwenda kulalamika, ofisi ilimjibu kwa upole kwamba kosa linarekebishika, mradi amlete huyo bwana.

Sasa mzee miguu ilichoka, ikabidi ashuke mlimani akakae kwa mtoto. Wote watatu walimtaka, na walimtaka kweli.

Mzee akasema, "Sauti ya mama yenu ninayo. Sura inanitoka. Atakayenionyesha tena, kwake nitahamia."

Kanankira akakata vijiti vya ile mibuni ya kahawa aliyoipanda mama, akavifungia ndani ya kopo la maziwa, akalifukia kwenye majivu ya moto hadi vikawa mkaa mwembamba wa kuchorea. Akamkalisha Niendiwe kwenye kigoda kutwa nzima, bila kusema neno. Majirani walikuja kushuhudia, si uchoraji, bali ule ukimya.

Kazi ilipokwisha mzee akatazama. "Huyu ni Niendiwe kazeeka."

Nakijwa akacheka, akasogea. "Jicho la kushoto, Kanankira. Mama alilifumba kidogo kwa sababu ya moshi wa jikoni, hata akiwa kanisani. Na kovu hapa kwenye nyusi, la mwaka ule alipopigwa pembe na mbuzi."

Kanankira akatwaa tonge la ugali uliopoa, ambalo ndilo kifutio chake, akalitoa lile jicho, akachora jingine.

Mzee akatazama tena. "Karibu. Lakini huyu hajanijua."

Hapo Niendiwe, mgongo ukimuuma, akasahau kwamba amekatazwa kusema. "Mzee wangu, utaitazama hiyo karatasi mpaka chai iote ukungu?" Upande mmoja wa mdomo ukapanda, vilevile kama wa mama alipokuwa akimgombeza mumewe kwa mapenzi.

"Tulia hapo hapo!" Kanankira akapiga mistari miwili.

Mzee akavua kofia. "Mama Nakijwa," akaiambia karatasi, "umeshindaje?"

Hakuna aliyecheka. Walipomaliza kufuta machozi, wakaanza kugombana.

"Mkono ni wangu," akasema Kanankira, "na mkaa nimechoma mimi."

"Mkono wako ulimchora Niendiwe kazeeka," akamkata Nakijwa. "Mama nimemleta mimi, na jicho lake na kovu lake."

"Jicho lenu halikumjua baba," akadakia Niendiwe. "Mdomo ndio uliomjua, na mdomo ni wangu."

"Hilo la mdomo hatubishi," wakasema wenzake kwa pamoja.

Wakashauriana mzee akae kwa zamu. Akakataa: "Mimi si jembe la kuazimana." Wakamwomba basi achague mwenyewe. "Nimechagua mara moja tu maishani, nikampata mama yenu. Sitaki kuharibu rekodi."

Wakaenda kwa mtendaji wa kijiji. Fomu yake ya kuhama ina mistari sita ya sababu na nafasi moja tu ya jina la mwenyeji, tena finyu. Mtendaji akaisoma mbele na nyuma, akashauri iundwe kamati ndogo.

Kamati ndogo ndiyo nyinyi. Mzee ameishika picha kwa kingo, mkaa usije ukafutika. Sanduku lake limeshikwa na watu watatu, na hakuna anayeachia. Kalamu ya mtendaji iko juu ya karatasi.

Haya, semeni, na asemaye atoe sababu: aandike jina la nani?