Nani Alimpa Kiboko Kiti?

Paukwa!

— Pakawa!

Masikio yamesimama?

— Yamesimama, tia maneno!

Hapo zamani za kale, Kanga alikuwa na mayai saba juu ya Kilima cha Mawe. Siku moja akaenda kunywa maji. Aliporudi, lo! Nyegere kajikunja kiotani, mayai yote chini ya tumbo lake.

"Bwana Nyegere, hicho kiota changu!"

"Tumbo linaniuma, Bi Kanga. Mayai yako yana joto, yananituliza. Kesho nikipona, nitayala."

Kanga akakimbia, tifu tifu tifu, mpaka kwa Pimbi, hakimu wa kilima. Pimbi alikuwa mfupi, hata akisimama ulidhani amekaa. Akaja kusikiliza kesi palepale kiotani.

Nyegere akacheka. "Huyu simtambui! Hakimu wangu ni shemeji yangu Kiboko, wa Baraza Kuu la Msitu."

Kiboko akapata habari, akaja mwenyewe. Puu! Puu! Puu! Kilima kikatetemeka, Pimbi akarushwa juu, akaanguka chali.

"Kesi hii ni yangu," akanguruma Kiboko. "Nitaisikiliza mtoni, baada ya siku tatu."

Siku tatu! Na Nyegere atakula mayai kesho! Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kanga akajikaza.

"Mheshimiwa, nani alikupa kiti cha hakimu?"

"Ukubwa wangu!"

"Mbona Ndovu si hakimu?"

Kiboko akafungua kinywa, haaa! Kanga akamgeukia Pimbi.

"Na wewe, mheshimiwa Pimbi?"

"Mimi... nimezaliwa hapa."

"Hata kupe kazaliwa hapa!"

Wanyama waliokuja kusikiliza kesi wakacheka, kwa kwa kwa!

"Viti vyenu tuliwapa sisi," akasema Kanga. "Twendeni kwenye Bamba la Mapatano!"

Wakateremka mbio hadi chini ya kilima. Nyegere akabaki kiotani, anakoroma. Kasuku, mlinzi wa bamba lile la udongo, akasoma: "Mto upitao nchi zote, na ugomvi wa nchi kwa nchi, ni wa Baraza Kuu. Kiota, shimo na tundu ni vya hakimu wa kilima, kwa sheria ya kilima."

Chini ya maneno zilikuwepo nyayo za wanyama wote. Za Ndovu. Za Sisimizi. Na mmoja mpana kama sinia.

"Huu wa nani?" akauliza Kanga.

"Wangu," akanong'ona Kiboko. Kisha akaangua kicheko. "Nimejifunga kwa mguu wangu mwenyewe!"

Pimbi akarukaruka. "Basi nimeshinda! Kiota nipewe mimi!"

"Taratibu!" Kanga akamkatiza. "Sheria ya kilima inasemaje?"

Pimbi akainamisha kichwa. "Kiota ni cha aliyekijenga."

"Basi hukumu!"

Wakapanda tena. "Nyegere, toka!" akaamuru Pimbi.

Nyegere akainuka kwa hasira. Mara, ta! ta! ta! Mayai yakapasuka. Vifaranga saba wakachungulia, wakamwona yeye kwanza.

"Mama! Mama!"

Nyegere akatimua mbio. Vifaranga nyuma yake, Kanga nyuma ya vifaranga. Kiboko alicheka mpaka akabingirika, bingiri bingiri, chubwi! mtoni. Jua lilipoinama, wote saba walikuwa chini ya mbawa za Kanga.

Basi wenzangu, hakimu hapewi kiti na ukubwa wala kwa kuzaliwa mahali. Hupewa na mapatano ya wote, na mapatano hayohayo humwekea mpaka.

Hadithi yangu imetua hapo. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, nitaimeza mwenyewe.