Kidole cha Ewoi

Paukwa!

Pakawa!

Ziwa?

Lina wenyewe.

Na samaki?

Ana mama yake.

Haya, kaeni vizuri. Wewe Lomeri, mwachie dada yako nywele zake.

Hapo kale, kule kaskazini kwenye ziwa la maji ya kijani, alikuwako mvuvi jina lake Ewoi. Chelezo chake kilikuwa magogo matatu ya mkoche, na mshipi aliufunga kwenye kidole cha shahada. Samaki akigusa tu, Ewoi alimjua. Huyu kambare, huyu ngege, huyu jike mwenye mayai.

Jike mwenye mayai hakuliwa pale. Kila mvuvi alimrudisha majini akamwambia, "Nenda ukazae, uturudie."

Basi ukaja mwaka wa samaki wachache. Asinyen, mkewe Ewoi, alikuwa na mimba, na chunguni hamna kitu. Siku moja Ewoi akavuta jike mwenye mayai. Kabla hajamrudisha, zimwi likachomoza ubavuni mwa chelezo, jicho moja, kichwa kizima magugu. Zimwi hilo, wanangu, halikuweza kuvua. Lilikula cha kupewa tu.

"Nipe wa mayai, nikupe wa kupika," likasema.

"Wa kupika wangapi?"

"Mpaka chelezo kizame nusu."

Ewoi akaona samaki mmoja si kitu. Akalipa. Chelezo kikajaa ngege wa urefu wa mkono, Asinyen akala akashiba. Ila kidole cha Ewoi kikafa ganzi.

Mara ya pili, "Nipe wa mayai, nikupe wa kupika." Akalipa. Wakaja ngege wa kiganja, na ganzi ikapanda mpaka begani.

Mara ya tatu, "Nipe wa mayai, nikupe wa kupika." Akalipa. Wakaja ngege wa kidole, na ganzi ikaingia kifuani.

"Mbona wanazidi kuwa wadogo?" Ewoi akauliza.

"Wakubwa watoke wapi? Mama zao ninao tumboni."

Wiki hiyo Asinyen akajifungua mtoto wa kike, upepo ukivuma, wakamwita Akuwam, jina la upepo.

"Mshike mwanao, Baba Akuwam."

Ewoi akamshika. Hakuhisi uzito wake, hakuhisi joto lake, hakuhisi furaha. Alimtazama kama anavyotazama jiwe la njiani.

"Mtoto mzuri," akasema, kwa kuwa ndivyo watu husema.

Asinyen akalia. Ewoi akakaa akimwangalia analia.

Kumbe zimwi lilikuwa likizunguka vyelezo vyote, na kila mvuvi alilipa. Ziwa likawa tupu. Wanaume wakawa wanakaa ufukoni, mikono mapajani, imekufa ganzi.

Siku moja Ewoi akaona damu kidoleni. Mshipi ulikuwa umemkata bila yeye kujua. Akavuta, akatoka jike mwenye mayai. Zimwi likachomoza.

"Huyo ndiye wa mwisho ziwa zima. Nipe, nikurudishie mwili wako, ukamshike mwanao umjue."

Ewoi akajaribu kumhurumia samaki, huruma haikuja. Akajaribu kuliogopa zimwi, hofu haikuja. Akajaribu kumpenda mwanawe, na hilo pia halikuja. Lakini alijua kwamba Akuwam atakua, na akikua atataka kula. Hilo alilijua kwa kichwa tu, na kichwa kilikuwa bado chake.

"Nenda ukazae, uturudie," akasema, akamwachia.

"Utabaki hivyo hivyo!" zimwi likanguruma.

"Nitabaki."

Wavuvi wengine waliposikia, wakakataa nao kumtoa jike huyo. Zimwi likakosa wa kulipa. Likafa njaa, magugu yake yakatupwa ufukoni, mbuzi wakayala.

Miaka ikapita, watu wakiishi kwa matunda ya mkoche na maziwa ya mbuzi. Ngege wakarudi mmojammoja. Siku moja Ewoi akampandisha Akuwam chelezoni pake, akamfunga mshipi kidoleni.

"Baba! Kuna kitu kinanivuta!"

"Kinavutaje?"

"Polepole. Ni kizito."

"Basi ni jike, ana mayai. Mvute, kisha umwambie."

Akuwam akamvuta, akamwachia majini. "Nenda ukazae, uturudie." Halafu akageuka.

"Baba, mbona unalia?"

Ewoi akajigusa shavu. Hakuhisi kitu. Akatazama vidole, vimelowa.

"Sijui, mama. Hebu shika wewe uniambie. Yana joto?"

Akuwam akaweka kiganja chake juu ya shavu la babake.

"Yana joto, Baba."

Ngano yangu nimeifunga hapo, nanyi mwende mkale. Funzo lake ni hili: samaki mwenye mayai si wako, ni wa mwanao. Mrudishe.